Gari la zamani linapoteza maji ya rejeta: kulitafuta tundu na kuliziba, kwa wenye magari wa Tanga

Kaskazi iliyopita mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni aliniletea Corolla yake, ile AE110 yenye injini ya 5A. Kila akienda Muheza na kurudi, rejeta ilidai lita nzima ya maji. Alikuwa ameshabadilishiwa rejeta mahali pengine, ukafuata mfuniko, mwisho thamostati, vali inayofunguka kwa joto la maji, ikatolewa kabisa "ili maji yapite vizuri". Pesa zimekwenda na maji bado yanakwenda. Tundu tulipoliona, lilikuwa kwenye kimpira kinene kama kidole gumba, nyuma ya injini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupamulika. Kimpira chenyewe kilinunuliwa kwa bei isiyofika hata ya galoni moja ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta.

Jambo hili naliona karibu kila wiki, na linaniuma, kwa sababu wenye magari ya zamani si watu wa kuchezea pesa. Ndiyo maana mwongozo huu umelalia sana kwenye kutafuta. Kufunga spea mpya ni kazi ya saa moja au mbili. Kujua ni spea ipi ndiyo kazi yenyewe.

Nimetumia Corolla kama mfano kwa kuwa ndiyo nyingi hapa mjini, lakini Noah, Hiace, Mark II, Hilux na hata Land Rover ya shamba la mkonge hufuata njia ileile.

Maji na presha

Pampu husukuma maji yazunguke kwenye bloku na silinda hedi yachukue joto, yaende kwenye rejeta yakapoe, yarudi. Injini ikiwa bado baridi, thamostati hufunga njia ya rejeta ili injini ipate moto haraka. Kwenye 5A hufunguka maji yakifika kama nyuzi 82.

Jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni mfuniko wa rejeta. Ule si kizibo tu. Una springi inayobana maji humo ndani, na juu yake utakuta namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Namba 0.9 maana yake mfuniko unashikilia presha ya karibu psi 13, yaani hata nusu ya upepo wa tairi haifiki. Lakini presha hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yavumilie mpaka karibu 118. Kwa anayepanda Lushoto kutoka Mombo hili ni kubwa zaidi: kule juu, kwenye mita kama 1,400, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mbovu ambao Tanga mjini hukuusikia, utausikia Soni.

Presha hiyohiyo ndiyo sababu tundu dogo halionekani gari likiwa limepoa. Likipata moto maji yanasukumwa na kutoka, likilala tundu linajifunga. Asubuhi unaangalia chini, pakavu.

Kabla ya kugusa chochote

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Usifungue hata kidogo, hata kwa kitambaa, hata kama kuna mtu pembeni anakuhimiza. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 chini ya presha, ukiyaachia ghafla hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni na kifuani. Nimemwona kijana aliyeungua hivyo kidevuni mpaka kwapani. Subiri walau saa moja, kisha minya mpira wa juu wa rejeta: ukiminyika kwa ulaini kama mpira usio na upepo, fungua, ukiwa mgumu, endelea kusubiri.

La pili, kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbuzi wa mitaani Ngamiani, paka, kuku, mtoto anayetambaa, wote wataionja ikiwa kwenye beseni wazi. Ikinge kwenye dumu lenye kifuniko. Na wewe mwenyewe usionje tone ili kujua kama ni kulanti au maji, kuna njia nyingine.

Vifaa ni vya kawaida: tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo cha mkono (kile cha kupakia poda kinafaa kabisa), bisibisi, koleo, spana za namba 10, 12 na 14, kipande cha karatoni kubwa, tepu, kalamu na tambara safi. Ukipata kuazima pampu ya kupimia presha ya rejeta, umerahisishiwa nusu ya kazi.

Pima kwanza yanayopotea

Asubuhi, gari likiwa limelala, jaza rejeta mpaka mdomoni. Kwenye kopo la akiba, lile la plastiki lenye mpira mwembamba kutoka rejetani, jaza mpaka mstari wa juu, kisha bandika tepu usawa wa maji na uandike tarehe na kilomita. Tumia gari kama kawaida siku tatu. Kila asubuhi angalia kopo, na rejeta pia, kwa sababu kopo linaweza kubaki vilevile huku rejeta ikipungua kama mfuniko hauvuti maji kurudi.

Ukiongeza, ongeza kwa chupa yenye vipimo, uandike. Upungufu wa kijiko kimoja au viwili kwa mwezi kwenye gari la miaka 25 haunitishi. Nusu lita kwa wiki ni tundu la nje unaloweza kulipata. Lita moja kwa safari ya Muheza, simamisha safari ndefu mpaka gari lipone. Na kama maji yanapungua hivyo huku nje kukiwa kukavu kabisa, kaa tayari kwa habari ya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na silinda hedi, nitaifikia.

Tandika karatoni chini ya injini usiku, uweke alama tairi za mbele zinapokaa. Asubuhi doa litakuonyesha upande. Hapa kwetu pwani kuna doa linalowadanganya wengi: maji ya kiyoyozi. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na gari likitumia kiyoyozi hudondosha maji mengi chini, upande wa abiria, karibu na ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Maji hayo hayana rangi, hayana harufu, na ukiyasugua kati ya vidole hayatelezi. Kulanti ina rangi, inateleza kama sabuni na ina harufu tamutamu. Kama gari linatembelea maji matupu ya bomba kutofautisha ni kugumu zaidi. Basi zima kiyoyozi siku mbili, uone kama doa litabaki.

Kulitafuta kwa macho

Hapa usiharakishe. Safisha kwanza. Injini iliyojaa oili na vumbi la barabarani haitakuambia kitu. Ioshe kwa maji kidogo na sabuni ikiwa imepoa, ukifunika altaneta na dilko (kile kinachogawa moto wa plagi) kwa nailoni, iache ikauke. Kisha endesha dakika ishirini, rudi, zima, fungua boneti mara moja. Dakika chache baada ya kuzima injini ndizo nzuri kuliko zote, kwa sababu pampu imesimama lakini joto bado linapanda na presha iko juu. Tundu likiwepo, ndipo litatema. Mikono tu iweke mbali na feni, maana kwenye magari mengi inaweza kuwaka yenyewe hata injini imezimwa.

Usitafute maji, tafuta alama za maji. Tone likidondokea chuma cha moto linakauka kabla ya kufika chini, lakini huacha ukoko: wa kijani au waridi kama ni kulanti, wa kahawia kama ni kutu, mweupe kama chumvi kama gari limezoeshwa maji ya kisima. Ukoko huo ni nyayo. Ufuate kwenda juu, kwa sababu maji hutiririka chini na upepo wa feni huyasukuma nyuma. Sehemu iliyolowa kwa kawaida si sehemu inayovuja. Inayovuja ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Mimi huanza na mfuniko wenyewe na mdomo wa rejeta. Ukoko kuzunguka mfuniko maana yake mpira wake umekufa. Kisha mpira wa juu na wa chini, hasa pale unapobanwa na klipu. Uminye ukiwa umepoa: ukisikia unakwaruza au kukatika ndani kama karatasi kavu, umeisha, ukiwa laini na umevimba kama umelowekwa, umeshakunywa oili. Kisha rejeta. Kwenye rejeta za alumini zenye tangi la plastiki, tundu hupenda kukaa kwenye mstari ambapo plastiki imebanwa na meno ya alumini, na kwenye shingo ya mpira wa juu ambako plastiki ikizeeka hugeuka kahawia na kupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Pitisha ukucha, utausikia ufa kabla ya kuuona.

Wanaokaa Raskazone na Sahare, au yeyote anayelaza gari karibu na bahari, wakague pia mapezi ya rejeta kule chini. Chumvi ya bahari huyala. Ukiyagusa yakawa unga mkononi, rejeta hiyo hata kama haivuji haipozi tena.

Pampu ya maji ina siri yake. Chini ya shafti kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, ili sili ya ndani ikifa, maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi. Huwezi kukiona kwa macho ya kawaida. Weka kioo chini, mulika tochi kwenye kioo. Ukiona mchirizi wa ukoko umeshuka kutoka kwenye kitundu hicho, pampu imeomba kupumzika. Usikizibe. Nimewahi kukuta kimezibwa kwa silikoni, na baada ya muda mfupi beringi ikakatika na feni belti ikatoka. Shika pia puli ya pampu uitikise huku na huku. Ikicheza, hiyo hiyo.

Mwisho wa nje, na ndiko kulikokuwa na tundu la mwalimu: mipira midogo. Kwenye 5A kuna mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita kupitia ukuta wa nyuma, na mingine myembamba inayopita kwenye throtobodi, mlango wa hewa ya injini. Mafundi wengi huishia mbele ya injini kwa sababu ndiko mkono unakofika. Sisi tulilala juu ya boneti, tochi mdomoni, kioo kikipita chini ya mipira ya hewa. Kwenye kioo nikaona kitu kama shanga inang'aa, inakua pole pole, inaanguka. Baada ya sekunde nne, nyingine. Mwalimu akasema, "Fundi, mwanangu, kumbe ni hilo tu?" Ndilo hilo tu, Mwalimu, lakini hapa injini imezimwa; barabarani injini ikipiga resi matone hayo hugeuka mchirizi, na kutoka hapa mpaka Muheza na kurudi linamaliza lita.

Magari ya chuma kizito, kama Land Rover na Hilux za zamani, kagua na vile vizibo vya bati vilivyogongelewa ubavuni mwa bloku. Maji matupu huvitoboa kutoka ndani.

Kuweka presha bila moto

Kama macho hayakutosha, hapa ndipo pampu ya presha inapofaa. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta, funga pampu mahali pa mfuniko, sukuma mpaka mshale ufike namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako. Usizidishe. Kisha acha dakika kumi hadi kumi na tano uzunguke na tochi kwa raha, bila joto na bila feni. Mshale ukishuka na nje kunadondoka, umeshapata. Mfuniko nao una kiunganishi chake cha kuupimia. Ukishindwa kushika namba yake, tupa.

Usijaribu kuunganisha kompresa ya tairi kwenye rejeta. Presha yake haina mpaka unaoweza kuudhibiti kwa mkono, na rejeta ya plastiki itapasuka.

Pakavu nje, maji hayapo

Anza ndani ya gari. Inua kapeti upande wa abiria, chini ya dashibodi. Likiwa limelowa na kunata, na kioo cha mbele kinaweka ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita imetoboka. Hapa Tanga hakuna anayewasha hita, kwa hiyo wengi huunganisha mipira miwili ya hita pamoja kwenye injini na kuiacha hita nje ya mzunguko. Nakubaliana nao, mradi mpira wa kuunganishia uwe wa maji ya moto, si bomba la bustani.

Kama kapeti ni kavu, shuku gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni hizi. Ukiwasha gari limepoa, mfuniko ukiwa wazi, unaona mapovu yasiyokoma rejetani. Au mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto. Hiyo ni pumzi ya silinda inaingia kwenye maji. Au oili kwenye kijiti imekuwa kama tui la nazi. Au moshi mweupe mzito wenye harufu tamu haukomi hata injini ikishapata moto. Moshi mwembamba wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni unyevu tu wa eksozi, usikutie hofu.

Kwa injini ya petroli kuna kipimo ninachokipenda. Weka presha ya pampu jioni, acha mpaka asubuhi. Toa plagi zote, chomoa waya wa moto na soketi za nozeli, kisha piga stata kidogo. Tundu la plagi likitema maji, umeijua silinda. Plagi ya silinda hiyo mara nyingi huwa safi kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke. Ikifika hapo, kazi ni ya kufungua hedi na kuipeleka kwa mashine ipimwe kama imepinda kabla ya gasketi mpya. Fundi anayetaka kurudisha hedi bila kuipima, mkatalie.

Kurekebisha

Mfuniko: nunua wenye namba ileile. Ukiwa na 0.9 usiweke 1.1 ukidhani ni bora, mipira na plastiki ya zamani itakulipia. Kama baada ya gari kupoa mpira wa juu umenywea ukashikana, vali ndogo ya katikati ya mfuniko haivuti maji kutoka kwenye kopo. Hilo nalo ni la mfuniko.

Mipira: mwaga maji kwa kizibo cha chini cha rejeta. Mpira wa zamani usiung'ang'anize kwa bisibisi, utavunja shingo ya plastiki. Ukate kwa kisu kwa urefu uchomoke. Shingo ya chuma isugue kwa msasa laini mpaka ukoko wote uishe, maana mpira mpya juu ya ukoko utavuja kama wa zamani. Ingiza mpira mpaka mwisho, weka klipu nyuma ya ule mwinuko wa shingo, si juu yake wala ukingoni mwa mpira. Klipu za springi za Toyota ni nzuri kuliko zinavyosifiwa, kwa kuwa hubana zenyewe mpira unapotanuka na kusinyaa. Kama bado zina nguvu, zirudishe. Za kukaza kwa bisibisi, kaza mpaka mpira ubanwe, usiukate. Silikoni haihitajiki hapo.

Rejeta: ya shaba, kama zilizoko kwenye magari ya zamani sana, fundi rejeta ataifungua, ataisafisha na kuilehemu, na itadumu miaka. Ya alumini yenye plastiki, gundi ya vichupa viwili ni ya kukufikisha nyumbani kutoka Segera, basi. Ukiifungua kwenye gari la gia za otomatiki, kumbuka mipira miwili ya oili ya giaboksi inayoingia chini ya rejeta. Izibe isiingie mchanga, na baadaye ongeza oili iliyomwagika. Na kama maji ya rejeta yamegeuka waridi la maziwa, rejeta imetoboka kwa ndani na oili ya gia imechanganyika na maji. Hilo usiliendeshe hata kilomita moja.

Pampu: kwenye 5A inazungushwa na belti ya nje, lakini kuitoa lazima uondoe vifuniko vya juu vya taimingi na bomba la kijiti cha oili. Ukiwa hapo, angalia taimingi belti. Ikiwa imechoka au hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa, usilipie kazi mara mbili. Uso wa bloku usafishe mpaka ung'ae, bila kuukwaruza. Bolti ni ndogo, zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkono mfupi wa spana.

Kuna dawa za kuziba matundu za chupa, na nimewahi kukuta rejeta imetiwa bizari na ute wa yai. Vinaziba, ni kweli. Vinaziba na vinjia vya rejeta, na hita, na kitundu cha vali ya thamostati. Kwenye gari ninalotaka lifike miaka mingine kumi siviweki.

Msiitoe thamostati

Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu mtaani limeshakuwa sheria kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati. Kwenye 5A, thamostati imekaa upande wa mpira wa chini, na ina kisahani cha chini ambacho, inapofunguka, hufunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote: sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Barabara tambarare ya Pongwe hutaona tatizo. Ukianza kupanda Soni na abiria wanne, mshale unapanda. Barabarani injini hubaki baridi kupita kiasi, inakula mafuta na inajisaga, mlimani inachemsha. Umepata hasara za pande zote mbili.

Ipime badala ya kuitupa. Itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, pasha moto pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofanya hivyo, nunua nyingine, na unapoifunga kile kijipini kinachochezacheza kielekee juu, ndipo hewa inapopitia.

Maji gani ya kuweka

Visima vyetu vya pwani vina chumvi, na ardhi ya huku ni mawe ya chokaa, yaleyale yaliyotoboka yakawa mapango ya Amboni. Maji hayo yakiingia rejetani huacha magaga ya chokaa kama yale ya ndani ya birika, na chumvi hula alumini. Kuyachemsha hakusaidii, chumvi inabaki palepale. Maji ya bomba ni afadhali, lakini ni ya dharura.

Tumia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri: maji ya betri ni kitu kimoja, asidi ya betri ni kingine, na chupa zinafanana. Changanya nusu kwa nusu na kulanti nzito. Corolla hii huchukua kama lita 6, kwa hiyo lita 3 za kulanti na 3 za maji. Kama galoni imeandikwa imeshachanganywa, usiongeze maji. Rangi isikudanganye, kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa za aina tofauti, na zikikutana zinaweza kuganda kama uji. Ndiyo maana kabla ya kujaza mpya, suuza kwa maji safi, washa mpaka thamostati ifunguke, acha ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe.

Huku hakuna barafu, nakubali. Kulanti tunaiweka kwa ajili ya kutu, kwa ajili ya sili ya pampu, na kwa kuwa inachelewa kuchemka.

Kutoa hewa

Hewa iliyonasa kwenye hedi inaweza kuipindisha huku rejeta ikionekana imejaa. Egesha gari pua ikiwa juu kwenye mwinuko, handibreki na jiwe nyuma ya tairi. Hita kwenye joto la mwisho. Jaza pole pole, ukiminya mpira wa juu mapovu yatoke. Washa, mfuniko wazi, iache sailensa bila kukanyaga mafuta, ongeza kila yanaposhuka. Mpira wa chini ukipata moto, thamostati imefunguka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, hita ipulize hewa ya moto kweli kweli, mapovu yakome. Funga mfuniko, jaza kopo mpaka mstarini. Asubuhi yake, gari likiwa baridi, fungua tena. Karibu kila mara utaongeza kidogo.

Likikuchemshia njiani

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita mpaka mwisho na feni yake. Itakuunguza miguu lakini inapunguza joto la injini. Mshale ukikaribia nyekundu au ukiona mvuke, egesha, zima. Ataibuka mtu na ndoo: "Mgosi, tia maji twende!" Mshukuru, uweke ndoo pembeni. Maji baridi kwenye hedi ya moto yanaweza kuipasua. Kaa kivulini walau saa moja, mpaka mpira wa juu ulainike, ndipo ujaze kidogo kidogo injini ikiwa imewashwa. Kama maji yanatoka kwa kasi kuliko unavyojaza, tafuta wa kukuvuta. Gharama ya kamba ni ndogo kuliko ya hedi.

Corolla ya mwalimu tuliirudishia thamostati, tukaweka vimpira vyote vidogo vipya kwa kuwa vilikuwa vya umri mmoja, na kulanti nusu kwa nusu. Wiki ya kwanza alinitumia picha ya kopo la akiba kila asubuhi, tepu ikionekana. Wiki ya pili alikwenda Lushoto kwenye harusi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kuanzia Mombo. Alipofungua mfuniko asubuhi ya kurudi, maji yalikuwa mdomoni.